Beki wa Kike na Bei Yake

Fainali ya Kombe la Dunia la Wanawake ya mwaka 2015 inakumbukwa kwa dakika 16. Ilichezwa Vancouver, Kanada, Julai 5, na kabla watu hawajakaa vizuri vitini Carli Lloyd wa Marekani alikuwa ameshawafunga Japani magoli matatu, la tatu akilipiga kutoka mstari wa katikati baada ya kumwona kipa amesogea mbele. Marekani ilishinda 5-2, Lloyd akachukua tuzo ya mchezaji bora wa mashindano, na hadi leo ukiitaja fainali ile utasimuliwa shuti lile refu. Alistahili. Ila kuna hesabu nyingine ya mashindano yale ambayo haisimuliwi sana. Australia waliwafunga Marekani katika dakika ya 27 ya mechi ya kwanza ya makundi. Goli jingine lilikuja kuingia dakika ya 27 ya fainali. Katikati hapo zimo dakika 540, sawa na mechi sita kamili, ikiwemo nusu fainali dhidi ya Ujerumani, na hakuna timu iliyopata kitu. Ali Krieger, Julie Johnston, Becky Sauerbrunn na Meghan Klingenberg, mabeki wanne waliosimama mbele ya lango lile, leo mashabiki wengi hawawezi kuwataja bila kwenda kutafuta.

Sauerbrunn ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Aliichezea timu ya taifa zaidi ya mechi 200, akatwaa Kombe la Dunia mara mbili na dhahabu ya Olimpiki ya 2012, akavaa kitambaa cha unahodha, na katika mechi zote hizo hakufunga hata goli moja. Straika mwenye rekodi ya namna hiyo angeitwa mzigo. Kwake yeye ndiyo rekodi ya kazi iliyofanyika, kwa sababu hakuna siku aliyoachwa nje kwa kuwa hafungi. Alipostaafu mwishoni mwa 2024 waliocheza naye walimwaga sifa, lakini mtu wa nje alikuwa na shida ya kujua hasa alifanya nini. Soka limejifunza kuhesabu yanayotokea. Beki analipwa ili yasitokee.

Kwa beki wa kike tatizo hilo limekaa juu ya tatizo jingine. Mchezo wenyewe anaoucheza ulifungiwa milango kwa miongo mingi: Chama cha Soka cha Uingereza kiliwazuia wanawake kutumia viwanja vya klabu zake mwaka 1921 na katazo likadumu karibu nusu karne, na Brazil iliweka katazo la kisheria tangu 1941 hadi 1979. Soka la wanawake liliporudi uwanjani halikuwa na ligi za kulipa mshahara, na mahali pasipo na mshahara beki ndiye anayeumia zaidi. Binti wa miaka 18 mwenye mbio anaweza kuwa straika hatari leo hii. Beki hazaliwi hivyo. Anajengwa na makosa, na makosa yanahitaji mechi, mechi zinahitaji miaka, na miaka inahitaji mtu anayelipa kodi ya nyumba wakati beki huyo anajifunza. Huo ndio msimamo wangu katika makala hii: ukitaka kujua kama nchi au klabu ina soka la kulipwa la wanawake kweli, waache mastraika wake pembeni, tazama maisha ya mabeki wake.

Tuione kazi yenyewe kwanza. Winga anapokea mpira karibu na mstari wa pembeni, ana nafasi ya hatua kumi mbele yake. Beki wa kulia hamvamii. Anasogea kwa hatua fupi, mwili ameugeuza nusu, mguu mmoja mbele, ili amwone winga na wakati huohuo aone nani anakimbia nyuma yake. Anamfungia njia ya ndani na kumwachia ya nje, kwa makusudi, kwa sababu nje kuna mstari na mstari hautoi pasi. Winga akiangalia mpira kwa nusu sekunde, beki anapunguza umbali. Akiinua kichwa, beki anasimama. Nyuma yao namba nne ameshahama hatua tatu kuziba pengo, na namba tano amemshika straika bega kwa bega. Mwisho winga anakata tamaa na kurudisha mpira kwa kiungo. Jukwaani hakuna aliyepiga makofi, na katika taarifa ya mechi tukio hilo halipo. Beki mzuri hufanya hivyo mara thelathini kwa mechi moja.

Siku hizi ameongezewa na kazi ya pili. Tangu 2019 sheria inaruhusu mpira wa goli kick kupokewa ndani ya boksi, na timu kubwa zikaanza kujenga mashambulizi palepale mbele ya lango lao. Zamani kitasa aliyebanwa alibutua mpira nje na kusifiwa. Leo anatakiwa kuusimamisha, kumwacha straika amkaribie, halafu kutoa pasi inayopita katikati ya watu wawili na kumfikia kiungo aliyegeuka. Akifanikiwa, sifa zinakwenda kwa kiungo. Akitoa boko, goli linarudiwa kwenye televisheni mara nane.

Hakuna maisha ya kazi yanayoeleza mambo haya kwa ukamilifu kama ya Wendie Renard.

Alizaliwa Julai 1990 Martinique, kisiwa cha Ufaransa katika bahari ya Karibi, akakulia Le Prêcheur, kijiji cha kaskazini kilicho chini ya mlima wa volkano wa Pelée. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minane. Hakukuwa na kazi inayoitwa mwanasoka wa kike katika mazingira yale, hata Ufaransa bara ilikuwa ngeni. Akiwa na miaka 16 alivuka bahari kwenda kujaribiwa katika kituo cha taifa cha Clairefontaine, na hawakumchukua. Akaenda Lyon kujaribu tena. Lyon wakamchukua.

Bahati yake, na nasema bahati kwa kuipima sawasawa, ni kwamba mwaka huo wa 2006 Lyon ilikuwa inafanya jambo ambalo karibu hakuna klabu nyingine duniani ililifanya. Rais wake, Jean-Michel Aulas, alikuwa ameiingiza timu ya wanawake ndani ya klabu mwaka 2004 na kuamua kuwalipa wachezaji wafanye soka kuwa kazi. Renard aliingia msimu uliozaa ubingwa wa kwanza. Hapo ukaanza mlolongo wa mataji 14 ya ligi bila kukatika, 2007 hadi 2020. Mwaka 2010 walipoteza fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa penalti mbele ya Turbine Potsdam ya Ujerumani. Mwaka uliofuata, London, wakakutana na Potsdam haohao, na goli la kwanza la ushindi wa 2-0 likafungwa na beki mwenye urefu wa mita 1.87 kutoka Le Prêcheur. Hadi kufikia 2022 alikuwa amebeba kombe hilo mara nane.

Watu hupenda kueleza mafanikio haya kwa urefu wake. Urefu unasaidia kwenye kona, hilo halina ubishi, na Renard ameifungia klabu yake zaidi ya magoli 100, idadi ambayo viungo washambuliaji wengi hawaifikii maishani. Lakini warefu wapo wengi. Nadra ni beki wa kike wa kizazi chake aliyekaa klabu moja tangu utoto hadi zaidi ya miaka 30, akilipwa kila mwezi, akifanya mazoezi kila siku na washambuliaji bora duniani. Ada Hegerberg na Eugénie Le Sommer alikuwa akiwakaba mazoezini katikati ya wiki. Hiyo ndiyo shule iliyomtengeneza, na shule hiyo ilikuwa na bajeti.

Sasa tazama wiki tatu za Juni 2019, Kombe la Dunia likiwa kwao Ufaransa. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Korea Kusini alifunga mawili kwa kichwa, Ufaransa ikashinda 4-0 na picha yake ikajaa magazetini. Siku tano baadaye, Nice, krosi ya Norway ikamkuta mbele ya lango lake na akajifunga. Ufaransa ilishinda 2-1, lakini kilichozungumzwa ni mguu wake. Siku tano nyingine zikapita, ikaja Nigeria. Penalti yake ikagonga mwamba, mwamuzi akaamuru irudiwe kwa kuwa kipa alitoka mstarini mapema, na mara ya pili akaiweka wavuni. Robo fainali, Paris, Marekani wakiongoza 2-0, akafunga kwa kichwa goli pekee la Ufaransa. Alimaliza mashindano na magoli manne, mengi kuliko ya mastraika kadhaa wakubwa. Katika wiki hizo zote, mjadala juu yake ulihusu alichofunga au alichojifunga. Ulinzi wake, ambao ndio kazi aliyoajiriwa, haukuwa habari.

Na uongozi? Kitambaa cha Ufaransa alipewa 2013. Kocha Corinne Diacre alipoingia 2017 akamvua, kisha akamrudishia 2021. Februari 2023, ikiwa imebaki miezi mitano tu kufika Kombe la Dunia, Renard alitangaza kujiweka kando na timu ya taifa, akisema anaipenda Ufaransa lakini hawezi tena kuunga mkono mfumo uliopo na anapaswa kulinda afya yake ya akili. Washambuliaji Kadidiatou Diani na Marie-Antoinette Katoto wakamfuata. Machi, Diacre akaondolewa. Inafaa tujiulize kwa nini beki ndiye aliyetangulia. Kwa maoni yangu ni kwa sababu ya nafasi yake: beki wa kati anauona uwanja wote mbele yake, anasema na kila mtu dakika 90, na wenzake wamezoea kumsikiliza. Sauerbrunn naye alikuwa mmoja wa wachezaji watano waliofungua malalamiko ya malipo sawa dhidi ya shirikisho la Marekani mwaka 2016, mgogoro uliozaa mapatano ya dola milioni 24 mwaka 2022. Ukichunguza migogoro mingi ya haki katika soka la wanawake, utamkuta beki karibu na meza.

Renard alirudi chini ya kocha mpya, na Julai 29, 2023, Brisbane, Ufaransa na Brazil zikiwa sare 1-1, Selma Bacha akapiga kona dakika ya 83. Mabeki wa Brazil walijua nani wa kuchungwa kuliko wote. Renard alianza mbali, akazunguka nyuma ya kundi, akajitokeza peke yake nguzo ya pili na kuuteremsha mpira kwa kichwa. Brazil, na Marta ndani yake, wakaishia makundi. Miaka miwili baadaye kocha mwingine, Laurent Bonadei, alimwacha nje ya kikosi cha Euro 2025, yeye na Le Sommer, akisema anataka njia mpya. Kocha ana haki ya kuchagua. Lakini kwa mtu aliyebeba lango la taifa kwa zaidi ya muongo mmoja, mlango ulifungwa haraka mno.

Tuje kwenye fedha na tuzo, maana huko ndiko thamani inakoandikwa kwa tarakimu. Ballon d'Or ya wanawake ilianza kutolewa 2018, na hadi ya 2025 hakuna beki aliyewahi kuishika. Aliyekaribia zaidi ni Lucy Bronze wa Uingereza, beki wa kulia, aliyeshika nafasi ya pili mwaka 2019. Mwaka huohuo UEFA ilimtangaza mchezaji bora wa kike wa Ulaya, na 2020 FIFA ikampa tuzo yake ya mchezaji bora wa dunia, beki wa kwanza wa kike kuipata. Bronze alifika hapo kupitia Sunderland, Everton, Liverpool, Manchester City na Lyon, akilala na kuamka na majeraha ya goti, katika nchi ambayo ligi yake kuu ya wanawake haikuwa ya kulipwa kikamilifu hadi msimu wa 2018/19. Kizazi chake kilisoma chuo huku kikicheza, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaahidi kwamba soka litawalisha.

Halafu ikaja Januari 2025. Chelsea iliilipa San Diego Wave zaidi kidogo ya dola milioni 1 kumchukua Naomi Girma, na kwa mara ya kwanza soka la wanawake likavuka kizingiti hicho. Rekodi iliyotangulia ilikuwa ya mshambuliaji Mzambia, Racheal Kundananji, aliyesajiliwa Marekani mwaka 2024 kama Mzambia mwenzake Barbra Banda, wote wakitupa fahari. Girma ni beki wa kati. Hufunga kwa nadra. Wazazi wake ni wahamiaji kutoka Ethiopia, naye alianza kucheza San Jose, California, katika klabu ya watoto wa jamii ya Waethiopia ambayo baba yake alishiriki kuianzisha. Akasoma Stanford, akakatika kano ya goti, akapona, akawa chaguo la kwanza la usajili wa ligi ya Marekani 2022, akawa beki bora wa ligi mwaka wake wa kwanza na wa pili, na 2023 akawa beki wa kwanza kutangazwa mchezaji bora wa kike wa mwaka na shirikisho la Marekani. Kilichonunuliwa ni kile kitu cha kusimamisha mpira, kuinua kichwa na kupasua mistari kwa pasi, pamoja na ukabaji usiohitaji kuteleza chini.

Naliona tukio hilo kuwa kubwa kuliko lilivyoandikwa. Kwa wanaume, Mwingereza wa kwanza kusajiliwa kwa pauni milioni 1 alikuwa mshambuliaji, Trevor Francis, mwaka 1979. Mabeki walisubiri sana, mpaka Virgil van Dijk alipogharimu pauni milioni 75 mwaka 2018 ndipo watu wakakubali kwamba timu inaweza kujengwa kuanzia nyuma. Kwa wanawake beki alitangulia. Rekodi haikudumu: Julai 2025 Arsenal ilimnunua Olivia Smith kwa pauni milioni 1, na Agosti Orlando Pride ikalipa dola milioni 1.5 kwa Lizbeth Ovalle wa Mexico, wote wa mbele. Lakini Girma aliweka kipimo, na mawakala wa mabeki sasa wana namba ya kuitaja mezani.

Tusidanganywe na namba hiyo, hata hivyo. Ripoti ya FIFA kuhusu klabu za wanawake iliyotoka 2025 ilikadiria wastani wa mshahara duniani kuwa takriban dola 10,900 kwa mwaka. Beki wa kawaida anayecheza ligi ya daraja la juu katika nchi nyingi analipwa mshahara ambao hauwezi kumtunza akiumia, na kuumia ni jambo la kutarajiwa.

Goti ndilo adui mkubwa. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba mwanamke mwanasoka yuko katika hatari ya kukatika kano ya mbele ya goti mara mbili hadi nane kuliko mwanaume. Sababu zinabishaniwa: umbo la nyonga, homoni, viatu vilivyotengenezwa kwa mguu wa mwanaume, viwanja vibovu, uchache wa wataalamu wa viungo. Kwa beki kuna jambo la ziada. Uchunguzi wa video za mechi umeonyesha kwamba mara nyingi kano hukatika mchezaji akiwa anakwenda kukaba, bila hata kuguswa, pale anapobadili mwelekeo ghafla. Mshambuliaji anachagua lini ageuke, beki analazimishwa kugeuka. Leah Williamson, beki na nahodha wa Uingereza, alikatika Aprili 2023, akalikosa Kombe la Dunia, akarudi Januari 2024, na 2025 akanyanyua kombe la Ulaya kwa mara ya pili. Alirudi kwa sababu Arsenal ina madaktari, vifaa na mshahara ambao haukukatwa. Msichana wa klabu isiyo na daktari anayekatika siku hiyohiyo, mara nyingi kazi yake imeishia hapo.

Katika Euro hiyohiyo ya 2025 Bronze alicheza mashindano yote akiwa na ufa kwenye mfupa wa muundi, na akalisema hadharani baada ya fainali. Katika robo fainali dhidi ya Sweden alifunga kwa kichwa kuirudisha Uingereza mchezoni, akajifunga bandeji mwenyewe pajani, kisha akapiga penalti ya mwisho ya Uingereza kwa nguvu zake zote. Ujasiri wake unanisisimua. Sifa alizomwagiwa kwa kucheza na mfupa uliopasuka zinanitia hofu, kwa sababu mabinti wa miaka 17 wanasikiliza. Mashindano hayohayo mwenzake, Jess Carter, beki mweusi, alitukanwa kwa ubaguzi wa rangi mitandaoni hadi akajiondoa huko, baada ya mechi ambayo winga wa Sweden alimsumbua. Mshambuliaji akikosa goli husemwa hana bahati. Beki mweusi aliyepitwa alihukumiwa utu wake.

Kuhusu uzazi, historia ya Christie Rampone inatosha kueleza tulikotoka. Mwaka 2009, katika ligi ya Marekani, alikuwa beki, nahodha na pia kocha wa Sky Blue FC, akaipa ubingwa akiwa mjamzito wa mtoto wake wa pili. Mwaka 2015 aliingia uwanjani dakika za mwisho za fainali ile ya Vancouver akiwa na miaka 40, mchezaji pekee aliyebaki kutoka kikosi cha mabingwa wa 1999. Alifanya yote hayo kabla ya kanuni ya FIFA, iliyoanza Januari 2021, inayotaka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 kwa angalau theluthi mbili ya mshahara. Hata baada ya kanuni, kiungo Sara Björk Gunnarsdóttir alilazimika kuishtaki Lyon kudai mishahara ya kipindi cha ujauzito, na akashinda zaidi ya euro 82,000. Ndiyo Lyon ileile iliyomlea Renard. Klabu inaweza kuwa mwanzilishi wa jambo jema na bado ikahitaji mahakama.

Rampone, pamoja na Onome Ebi wa Nigeria aliyeitwa kwenye vikosi vya Kombe la Dunia sita kuanzia 2003 hadi 2023, wanaonyesha kitu ambacho klabu zetu hazikizingatii: beki akitunzwa hudumu. Ebi alizunguka Uturuki, Sweden, Belarus na China akitafuta mkataba, na akiwa na miaka 40 bado aliaminiwa na taifa lake. Mbio zinapungua, lakini akili ya kusoma mchezo inazidi.

Huku Afrika Mashariki tumetoa mastraika. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden na baadaye Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga alikwenda Al Nassr ya Saudi Arabia. Opa Clement amecheza Uturuki. Mabeki waliofuata njia hiyo ni wachache, na miongoni mwao Julitha Singano, aliyetoka Simba Queens kwenda FC Juárez ya Mexico, ni wa kutazamwa kwa makini. Ligi ya wanawake ya Mexico ilianza 2017 tu, lakini ilianza ikiwa chini ya klabu zenye viwanja, madaktari na haki za televisheni, na beki wa Kitanzania akapata humo kile ambacho Renard alikipata Lyon: mechi ngumu kila wiki na muda wa kukua.

Kwa nini wachache? Wakala anayetafuta mchezaji Dar es Salaam au Nairobi huanza na orodha ya wafungaji, kwa kuwa ndiyo orodha iliyopo. Video ya straika ina magoli kumi ndani ya dakika tatu. Video ya beki mzuri ingehitaji mechi nzima, na mechi nyingi za ligi zetu za wanawake hazirekodiwi hadi mwisho. Shuleni nako msichana anayeonekana hajui kufunga ndiye anayepelekwa nyuma, kana kwamba nyuma ni adhabu. Mikataba ya mwaka mmoja mmoja inamaliza kazi: klabu inamwacha beki wa miaka 20 aliyekosea mara mbili, na inasajili mwingine ambaye naye ataachwa. Nafuu kidogo imetoka mahali ambapo wengi hawakupatarajia, yaani kwenye timu za majeshi na polisi kama JKT Queens, Ulinzi Starlets na Kenya Police Bullets, ambako mchezaji anaweza kupata ajira inayodumu kupita msimu mmoja. Ni aina yetu ya mkataba mrefu, na kwa beki ina thamani kuliko dau la usajili.

Uwezo wa klabu za ukanda huu upo. Simba Queens ilishika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake mwaka 2022, na TP Mazembe ya Lubumbashi ikalitwaa kombe hilo 2024 kwa kuifunga AS FAR ya Morocco 1-0. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, nayo ilirudi katika fainali za Afrika Julai 2025, Morocco, kwa mara ya kwanza tangu 2010. Ilifungwa 1-0 na Mali, ikatoka sare 1-1 na Afrika Kusini, ikafungwa 4-1 na Ghana. Magoli sita katika mechi tatu. Baada ya mashindano mjadala ulikuwa uleule wa nani atatufungia magoli.

Ombi langu kwa viongozi wa klabu za Ligi Kuu ya Wanawake, Tanzania na Kenya, ni moja: mpeni beki wenu bora aliye chini ya miaka 21 mkataba wa miaka mitatu, wenye matibabu ya goti na likizo ya uzazi vilivyoandikwa ndani, na rekodini mechi zake zote mwanzo hadi mwisho. Na kwenu watangazaji na waandishi wenzangu: Jumamosi hii mechi ya wanawake ikimalizika 1-0, tajeni aliyefunga, kisha mtaje kwa jina beki aliyefanya isiwe 1-1.